Ganzi ipi kwa kano za mkono zilizokatika

Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kidoleni bali kwenye kigasha. Huvuta vidole kwa kano, kamba nyeupe ngumu zinazopita kiganjani na kuteleza ndani ya pete nyembamba zilizopangika kidole kizima. Panga, kisu au kipande cha kioo kikizikata, kidole hugoma kukunjika hata kama jeraha la nje ni dogo. Kuziunga ni kazi ya subira ambayo haiwezekani bila kuzuia maumivu, na njia za kuyazuia ni kadhaa.

Nusu kaputi humlaza mgonjwa kabisa. Ndiyo inayofaa watoto wadogo, na pia mtu mwenye majeraha mengine makubwa mwilini. Lakini huhitaji mtaalamu wa usingizi na vifaa vyake, na mgonjwa wa upasuaji uliopangwa hukaa saa 6 bila chakula ili matapishi yasije yakaingia mapafuni. Akiamka, wengi husumbuliwa na kichefuchefu. Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki hutumika ketamini, ambayo kwa kawaida haizuii mgonjwa kupumua mwenyewe, ila huweza kumletea njozi za kutisha anapozinduka.

Njia ya pili ni kuutia ganzi mkono mzima kwa kuchoma dawa kwapani au juu ya mtulinga, zinapopita neva za mkono. Siku hizi daktari huongoza sindano kwa kuangalia picha ya ultrasaundi. Mgonjwa hubaki macho, na maumivu huzuilika kwa saa nyingi baada ya upasuaji. Tatizo ni kwamba misuli nayo hulala, mkono ukawa mzito usiotii.

Ya tatu ilianzishwa mwaka 1908 na Mjerumani August Bier. Damu hukamuliwa mkononi kwa bandeji, mkanda wa upepo hufungwa juu yake, kisha ganzi huingizwa kwenye mshipa wa damu. Ni rahisi na ya haraka, lakini mkanda huanza kuuma sana baada ya nusu saa hivi, na haufunguliwi kabla ya dakika 20 kupita, dawa isije ikakimbilia moyoni kwa mkupuo. Ganzi iitwayo bupivakeini haitumiki kabisa kwa njia hii, kwa kuwa imewahi kuua.

Njia ya nne huwa na faida kubwa zaidi kwa kano. Hapa ganzi ya lidokeini iliyochanganywa na adrenalini huchomwa mahali patakapopasuliwa tu. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, basi mkanda hauhitajiki. Daktari husubiri dakika 25 hadi 30, ngozi ikishapauka ndipo hushika kisu. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba adrenalini huozesha vidole. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza lawama kwa prokeini, ganzi ya zamani iliyozidi kuwa tindikali ilipokaa muda mrefu. Mwaka 2005 Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 3,110 waliochomwa adrenalini vidoleni na mikononi: hakuna hata kidole kimoja kilichokufa.

Faida yenyewe huonekana kabla ya kufunga jeraha. Misuli ya kigasha iko nje ya ganzi, kwa hiyo mgonjwa huambiwa, "Kunja kidole." Daktari hutazama kano ikienda na kurudi. Mwanya ukijitokeza kwenye mshono, hushona upya. Fundo likikwama kwenye pete, huipanua kidogo. Ni heri kasoro hiyo ionekane mezani kuliko kano ikatike tena wiki kadhaa baadaye. Kwa mtu aliyelala usingizi, au ambaye mkono wake wote umekufa ganzi, daktari huweza tu kuvuta kidole kwa mkono wake, na hilo halionyeshi jinsi msuli wenyewe utakavyovuta.

Kipimo huzingatiwa: lidokeini yenye adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupata kikomo cha miligramu 420, yaani mililita 42 za dawa ya asilimia 1. Njia hii haimfai mwenye mzio wa lidokeini, asiyeweza kutulia, wala ambaye damu yake tayari haifiki vizuri vidoleni. Kidole kikibaki cheupe kupita kiasi, huchomwa fentolamini, dawa inayofungua tena mishipa iliyobanwa.