Humphreys: Jenerali Aliyeupima Mto Mississippi

Andrew Atkinson Humphreys, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1810 na kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1831, hutajwa zaidi kwa mapigano ya Fredericksburg na Gettysburg, ingawa kazi yake nzito zaidi ni uchunguzi wa mtiririko wa Mto Mississippi, ambao alikabidhiwa mwaka 1850, maradhi yakamkatiza mwaka uliofuata, na ripoti yake ikatoka mwaka 1861 kwa ushirikiano na Luteni Henry Abbot.

Kilichotafutwa ni ujazo wa maji yanayopita kwa sekunde, ambao hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato wa mto kwa wastani wa kasi ya mkondo. Ugumu umo katika wastani huo, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayaendi sambamba. Kwa hiyo vijipipa vilivyotiwa uzito vilizamishwa katika kina mbalimbali, kila kimoja kikining'inia kwa kamba kwenye boya dogo lililoelea juu, huku wapimaji walio ukingoni wakihesabu muda ambao boya lilitumia kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kamba nayo husukumwa na maji, kasoro ambayo wakosoaji wa baadaye hawakuisamehe. Hata hivyo ilibainika kwamba, hewa ikitulia, kasi kubwa kabisa haipo usoni pa maji bali chini yake, karibu theluthi moja ya kina.

Kilichomponza Humphreys ni hukumu aliyoijenga juu ya vipimo hivyo. Mhandisi raia Charles Ellet, aliyeuchunguza mto huohuo, alikuwa amependekeza mabwawa ya kuhifadhia maji na michepuko ya kuyapunguza. Humphreys aliyakataa yote mawili, akaona matuta ya udongo kandokando ya mto yanatosha, na akiwa mkuu wa wahandisi wa jeshi kuanzia 1866 hadi 1879 hakuwa mwepesi wa kusikiliza wapinzani.

Alifariki mwaka 1883. Mwaka 1927 matuta yalibomoka, maji yakafunika karibu kilomita za mraba 70,000, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaruhusu michepuko. Ule wa Bonnet Carré, uliokamilika mwaka 1931 juu kidogo ya New Orleans, hufunguliwa hadi leo mto unapofurika.