Sura ya Nne: Ardhi Inayoupokea Uvimbe

Makambako ni mji uliokuzwa na njia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Lakini njia haipiti popote itakapo: kilima huizungusha, bonde huipitisha. Uvimbe wa saratani nao hukua kwa njia zinazoufikia, na ardhi inayoamua njia hizo ni tishu unganishi inayouzunguka.

Seli haiwezi kuishi mbali na damu. Oksijeni husafiri sehemu moja au mbili tu za kumi za milimita kutoka kwenye mshipa, ndiyo maana uvimbe usio na mishipa yake hudumaa ukiwa na milimita moja au mbili. Mwaka 1971, Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, alitoa hoja kwamba ili uendelee kukua, uvimbe lazima uishawishi mishipa ya jirani ichipue kuuelekea.

Mshipa unaochipuka hulazimika kupenya katikati ya nyuzi za kolajeni, minyororo ya sukari na seli zinazofuma nyuzi hizo, yaani fibroblasti. Minyororo hiyo ni ghala: imeshikilia protini za kuchochea mishipa, kama VEGF na FGF. Vimeng'enya vikiikata, akiba hiyo hufunguka. Mara nyingi vimeng'enya hivyo havitoki kwenye seli za saratani bali kwa fibroblasti na seli za kinga zilizovutwa hapo, zikifanya kazi kana kwamba zinaponya kidonda. Mwaka 1986 Harold Dvorak aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona.

Ghala hilohilo lina breki pia. Kolajeni ya aina ya 18 ikikatwa hutoa kipande kiitwacho endostatini, kilichotambuliwa katika maabara ya Folkman mwaka 1997, nacho huzuia mishipa isichipue. Kinachoamua ni upande upi umezidi.

Mkoani Njombe, uliko mji wa Makambako, uhusiano huu wa uvimbe na mazingira yake si nadharia tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huo wana VVU, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kinga inapodhoofika, kirusi cha herpes namba 8, kilichogunduliwa mwaka 1994, huweza kuleta saratani iitwayo sarkoma ya Kaposi: mabaka ya zambarau au meusi, na mara nyingine mguu kuvimba. Uvimbe huu umejaa vishipa vinavyovuja damu, na ndivyo vinavyoupa rangi yake. VVU navyo huchangia: protini yao iitwayo Tat hutoka kwenye seli iliyoambukizwa, hugombania nafasi kwenye minyororo ya sukari, na FGF iliyokuwa imeshikiliwa huachiliwa.

Kwa hiyo tiba huanzia kwenye mazingira ya uvimbe. Dawa za kufubaza VVU hurejesha kinga na kupunguza virusi, na mabaka ya mwanzo mara nyingi husinyaa kwa dawa hizo peke yake. Ugonjwa uliosambaa huhitaji pia dawa za saratani. Anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (CTC) akiona baka jipya mguuni au kwenye kaakaa, alionyeshe mapema, lingali dogo.