Kiungulia cha miaka: mpira wa kamera unatibu nini?

Suma, wilayani Rungwe, mama anaweza kuishi na kiungulia miaka mitano bila kukiita ugonjwa. Usiku kikimpanda anaketi kitandani, anatafuna kidonge cha dukani au kunywa maziwa, ambayo hupoza kwa muda tu. Asubuhi yuko shambani na jembe.

Kinachopanda ni tindikali ya tumbo. Misuli ya mwisho wa umio, njia ya chakula, ikilegea, tindikali hurudi juu na kuunguza. Ujauzito, uzito mkubwa na kulala mara baada ya kula huzidisha hali hiyo. Kuinama kupalilia ukiwa umeshiba pia.

Wengi hutulizwa na omeprazo, inayomezwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa wiki 4 hadi 8. Wanaoimeza siku inapouma tu ndio husema dawa imeshindwa.

Lakini chakula kikianza kukwama, mwili ukipungua, mtu akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asirudi duka la dawa. Saratani ya umio ni tatizo kubwa Afrika Mashariki, nayo mara nyingi huanza kwa chakula kukwama.

Hapo kinahitajika kipimo cha endoskopia: mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kwa familia ya Suma, hiyo ni safari ya Tukuyu kutafuta rufaa, kisha kilomita 70 hivi hadi Mbeya. Mgonjwa hufunga kula saa 6 au zaidi, na akichomwa dawa ya usingizi lazima awe na wa kumrudisha nyumbani.

Mpira huo hauangalii tu. Umio uliobanwa na kovu la tindikali hupanuliwa kwa puto, na mgonjwa akaweza kumeza ugali tena. Huko Marekani madaktari hukunja sehemu ya juu ya tumbo kutoka ndani, bila kupasua, ili izuie tindikali. Njia nyingine hukaza misuli kwa joto la mawimbi ya redio. Hazimfai kila mtu: tumbo likiwa limepanda sana kifuani huhitaji upasuaji, na wapo wanaorudia vidonge baada ya miaka kadhaa.

Kwa walio wengi, mpira huo unapotolewa, jibu linabaki kuwa omeprazo, safari hii kwa dozi na muda alioandika daktari.