Kinga ya Mtu Ipo Shingoni mwa Mbwa

Afya ya watu wa wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, haiwezi kuelezwa bila kuwataja wanyama. Ng'ombe na mbuzi wa vijijini hulisha mahali ambapo nyumbu hupita. Fisi hufika mazizini usiku. Mbwa wanaolinda mifugo hufunguliwa na kuzurura wapendavyo, kutoka mji hadi mji, hata porini. Mto Mara, unaoanzia kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, hukata kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha huingia vijijini na kuelekea Ziwa Victoria, na kila kiumbe kilichopo njiani hunywa humo. Kati ya hifadhi na makazi hakuna uzio.

Mtazamo wa kuiangalia afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kama jambo lisilogawanyika huitwa Afya Moja. Nchini Tanzania una dawati lake katika Ofisi ya Waziri Mkuu, lililozinduliwa mwaka 2018. Kandokando ya Serengeti, hata hivyo, somo lenyewe ni la zamani zaidi, na waliolifundisha ni maradhi.

Mwalimu wa kwanza alikuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Virusi vyake viliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, vikafagia mazizi ya ng'ombe na kuua nyati na nyumbu wasio na idadi. Jamii zilizoishi kwa maziwa na nyama zilikumbwa na njaa. Baada ya wimbi hilo la kwanza ugonjwa haukuondoka: kwa zaidi ya nusu karne uliendelea kuwaua nyumbu wachanga mara tu kinga waliyoipata katika maziwa ya mama ilipokwisha. Iliaminika kwamba wanyama pori ndio waliokuwa wakiitunza sotoka na kuwaletea ng'ombe. Ukweli ulikuwa kinyume, na ulidhihirika kwa sindano. Chanjo ilipoenezwa kwa ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti katika miaka ya 1950 na 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Chanjo bora kuliko zote ilitokana na kazi ya mtafiti Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya.

Yaliyofuata hayakutarajiwa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 260,000; mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni 1.3. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani zilisimama hadi kiangazi na kuwa kuni za moto wa nyika. Moto ulipopungua, miche ya miti ilipata nafasi ya kukua, na sehemu kubwa ya nyika ikarudi kuwa na miti. Sindano ya ng'ombe ilibadilisha sura ya nchi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui.

Mwalimu wa pili alikuja mwaka 1994. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka kwa degedege. Chanzo kilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi unaofahamika zaidi kwa mbwa. Katika miezi michache simba wapatao 1,000 walipotea, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa ikolojia hiyo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba distempa haikuua peke yake. Ukame mkali ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba walipowala nyati hao walibeba pia mzigo mkubwa wa babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Distempa ilishusha kinga ya mwili, babesia ikamaliza kazi. Mvua iliyokosekana, kupe, nyati, mbwa wa kijijini na simba wa mbugani, vyote vilikutana katika kifo kimoja.

Msiba huo ulielekeza macho ya watafiti kwa mbwa wa vijijini, na huko walikuta jambo lililokuwa likiwaua watu kimyakimya.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate. Mbwa mgonjwa anapong'ata, virusi huingia kwenye jeraha, hushika mshipa wa fahamu na kuufuata polepole hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, na huwa fupi zaidi jeraha likiwa kichwani au usoni, mahali ambapo watoto wadogo hung'atwa mara nyingi kwa sababu ya kimo chao. Katika muda huo wote aliyeng'atwa hana dalili yoyote. Kidonda kinaweza kupona na kusahaulika. Dalili zikishaanza, homa, mwasho pale penye kovu, mahangaiko, koo linalokakamaa mgonjwa akionyeshwa tu kikombe cha maji, tiba haipo tena, na karibu wote hufa. Lakini mtu akichanjwa mapema, kabla virusi havijafika kwenye ubongo, hupona karibu kila mara. Ni magonjwa machache mno yenye pengo la namna hii kati ya kupona kwa uhakika na kufa kwa uhakika.

Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Tanzania peke yake ilipoteza karibu watu 1,500 kila mwaka, idadi inayozidi kwa mbali sana ile iliyokuwa ikiandikwa kwenye taarifa rasmi. Tofauti hiyo inaeleweka. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hakuna dawa hurudishwa kufia nyumbani, na kifo cha nyumbani hakiandikwi. Wengine hudhaniwa kuwa na malaria iliyopanda kichwani, au kurogwa.

Wilaya ya Serengeti imetoa maelezo ya ugonjwa huu ambayo ni nadra kupatikana kwingine. Kuanzia mwaka 2002 watafiti, wakiwemo Katie Hampson na Sarah Cleaveland, ambao baadaye walikuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, pamoja na wenzao Watanzania, walifanya kazi ya kipelelezi. Walianza na madaftari ya hospitali na zahanati, wakitafuta majina ya waliotibiwa baada ya kung'atwa. Kisha walikwenda hadi nyumbani kwa kila mmoja na kuuliza: mbwa alikuwa wa nani, alitokea wapi, aling'ata nani mwingine, alielekea wapi. Jibu la mji mmoja liliwapeleka mji wa pili, na wa pili hadi wa tatu. Kwa miaka mingi ya kutembea hivyo walichora ramani ya nani alimwambukiza nani katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000.

Ramani hiyo ina mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, ugonjwa ni adimu kuliko hofu yake. Katika kipindi chote cha 2002 hadi 2016, mbwa wenye kichaa hawakuwahi kuzidi asilimia 0.15 ya mbwa wote kwa wakati mmoja. Kwa mbwa 50,000, hao hawafiki 80. La pili, kila mbwa mgonjwa kwa wastani humwambukiza mwenzake mmoja na kitu kidogo tu. Wengi hufa bila kumng'ata yeyote, kwa kuwa wakishaanza kuambukiza huishi siku tatu hivi. Wachache hukimbia kilomita nyingi na kung'ata kila kilichopo mbele yao, na hao ndio wanaouhamisha ugonjwa kutoka kata moja hadi nyingine kabla haujazimika ulikotoka.

Fisi, mbweha na nyegere nao huugua, na ng'ombe pia. Mfugaji anayemwona ng'ombe akitokwa na udenda na kushindwa kumeza hudhani amekwamwa na kitu kooni, akamwingiza mkono kinywani kukitafuta. Mkono wenye mchubuko unatosha. Hata hivyo virusi vilivyopimwa kutoka kwa wanyama pori wa Serengeti ni vya aina ile ile inayozunguka kwa mbwa, na minyororo ya maambukizi porini hukatika yenyewe. Hapa somo la sotoka linajirudia: chimbuko halipo porini, lipo nyumbani.

Kwa hiyo mahali pa kuuzuia ni kwa mbwa. Kuwaua mbwa hakujasaidia popote. Wenye mbwa huwaficha, na aliyeuawa huzibwa pengo na mtoto wa mbwa asiye na kinga. Kinachosaidia ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa kila kijiji. Kati ya mwaka 1996 na 2001 kampeni za Wilaya ya Serengeti ziliwafikia wastani wa asilimia 65 hivi. Baada ya kampeni ya kwanza visa vya kichaa kwa mbwa vilishuka kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Watu waliokwenda kutibiwa majeraha ya mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa walipungua pia. Katika Wilaya ya Musoma, ambako kampeni hizo hazikufanyika, hali haikubadilika hivyo.

Siku ya chanjo kijijini haihitaji vifaa vingi. Gari la matangazo hupita siku moja kabla. Asubuhi meza huwekwa chini ya mti, mara nyingi kwenye uwanja wa shule ya msingi, na wanaokuja wengi ni watoto, kila mmoja na mbwa wake: huyu amemfunga kwa kamba ya katani, yule kwa mnyororo wa ng'ombe, mwingine kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa hujilaza chini na kukataa kutembea, naye huburutwa au kubebwa begani. Mtaalamu wa mifugo huinua ngozi ya shingo, huchoma sindano ya mililita moja, karani huandika jina la mbwa na la mwenye mbwa, kadi hutolewa, anayefuata husogea. Katika mji wa Mugumu, wilayani Serengeti, na katika vijiji vya mbali utaratibu ni huo huo.

Shida huanza baada ya meza kuondolewa. Mbwa wa vijijini hawaishi sana, na majike yao huzaa mara kwa mara. Miezi michache baada ya kampeni, sehemu ya waliochanjwa wameshakufa na watoto wa mbwa wasiojua sindano wamejaa. Kampeni ya mara moja kwa mwaka huacha mwanya, na kuirudia mara nyingi zaidi hugharimu mafuta, magari na barafu, kwa kuwa chanjo imezoeleka kutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Jibu la shida hiyo ya jokofu lilipatikana hapa hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu yake hata ikikaa miezi sita katika nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Baada ya hapo kilichohitajika ni chombo cha kuzuia joto lisipande, na mfano wake ulikuwepo majumbani: mtungi. Mtafiti Ahmed Lugelo na wenzake walibuni chombo cha udongo cha mtungi ndani ya mtungi, na kati yao mchanga unaoloweshwa kwa maji. Maji yanapotoka nje kama jasho kupitia udongo, huchukua joto, na chanjo iliyomo ndani hubaki baridi bila umeme. Chombo hicho kikikaa katani, mtaalamu wa mifugo aliyepo hapo anaweza kumchanja mtoto wa mbwa wiki anayoletwa, bila kungoja gari la mwaka ujao. Majaribio yaliyofanywa mkoani Mara yalionyesha kwamba uchanjaji wa namna hii, unaofanywa na wenyeji mwaka mzima, hushikilia kiwango cha kinga vizuri zaidi.

Bado kuna majirani. Mbwa hufuata ng'ombe malishoni na mnadani, hupakiwa kwenye malori, huvuka Mto Mara na mpaka wa Tanzania na Kenya pale Sirari. Serengeti ikichanja na Tarime ikabaki nyuma, au upande wa Kenya ukabaki nyuma, moto hurudi. Pemba inaonyesha mafanikio na hatari ya ugonjwa kurudi, yote mawili: kisiwa hicho kiliutokomeza ugonjwa kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Wilaya isiyozungukwa na bahari inahitaji uangalifu mkubwa zaidi ya huo. Lengo lililowekwa kimataifa ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kitokanacho na mbwa.

Hadi hapo, aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu. Asipake pilipili, majani wala mafuta. Aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo na arudi tarehe zote atakazoandikiwa, kwa maana sindano ya kwanza peke yake haitoshi. Naye ofisa mifugo wa kata apigiwe simu bila kungoja kesho. Mbwa aliyemng'ata mtoto asubuhi ana siku chache tu za kuishi, na katika siku hizo anaweza kufika kijiji cha tatu.