Dhahabu Mwilini mwa Mgonjwa: Sharia Yasemaje?

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu hapa Chake Chake waliowahi kumsindikiza mgonjwa wa saratani hadi bandarini Mkoani, avuke bahari kwenda Unguja, na kisha Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wanajua uzito wa dawa zile za mshipani. Dawa huzunguka mwili mzima na kuua seli zinazozaliana kwa haraka, nazo si za saratani peke yake. Nywele hupukutika, utumbo huchafuka na damu hupungua.

Wataalamu wanatafuta njia ya kupunguza madhara hayo. Dawa hufungwa kikemia, mithili ya mlango uliotiwa kufuli, ikapita mwilini bila kudhuru. Ndani ya uvimbe huwekwa chembe ndogo mno za madini, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Dawa ikigusana na madini hayo, kufuli hufunguka pale pale penye maradhi. Madini yenyewe hayaishi. Hufungua moja baada ya nyingine. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, walionesha kuwa madini ya paladiamu huweza kazi hiyo. Mwaka 2017 walionesha kuwa hata dhahabu huiweza, wakaijaribu katika ubongo wa samaki wadogo na katika seli za saratani ya mapafu.

Huenda baba akauliza: dhahabu si haramu kwa wanaume? Naam, ni haramu kwao katika mapambo. Lakini tumkumbuke sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi ikiwa haja ya pua iliruhusu dhahabu, kuokoa uhai kuna haki zaidi. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia.

Hata hivyo, tutahadhari. Njia hii bado ni ya maabara. Haijawa tiba ya kawaida hospitalini. Atakayekuja kutuuzia maji ya dhahabu kwa jina la kutibu saratani ni mlaghai, na kumpa fedha za karafuu ni kupoteza mali na muda wa mgonjwa.

Wala tusingoje tiba ya kesho tukaiacha ya leo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kujitibu, aliamrisha watu watafute dawa, akabainisha kuwa kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee. Mama anayeficha uvimbe wa titi kwa haya, na mume anayemchelewesha, wakumbuke kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenda hospitali mapema hakupingani na dua wala tawakkul.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin. Wallahu a'lam.