Bunduki Ipi Ndiyo Kali? Historia ya Risasi Kubwa za Porini Kwetu

Kila Novemba hapa Minnesota wenzangu kazini huanza kuja na makoti ya rangi ya chungwa. Ni msimu wa kuwinda kulungu, na mazungumzo ya chakula cha mchana hugeuka yote kuwa ya bunduki. Kwa kuwa mimi ni Mtanzania, mwaka hauishi bila mtu kuniuliza: "Huko kwenu kwenye tembo na nyati, bunduki ipi ndiyo kali kuliko zote?"

Miaka ya kwanza sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya babu yangu mdogo, aliyekuwa askari wa Bwana Nyama, yaani idara ya wanyamapori, upande wa Liwale enzi za mkoloni. Kazi yake ilikuwa kufukuza tembo waliovamia mashamba ya mahindi na mtama, na waliogoma kuondoka aliwapiga kwa bunduki ya serikali. Tulipomuuliza kuhusu hiyo bunduki, hakuusifia ukali wake hata siku moja. Alikuwa akisema, "Risasi haitafuti, inapelekwa." Nimekaa miaka mingi nikisoma historia ya silaha hizi, na kila nilichosoma kimenirudisha kwenye maneno hayo.

Enzi za kupima kwa ratili

Kabla ya mwisho wa karne ya 19, wawindaji walitegemea baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi. Baruti hiyo haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi kubwa, hata ukiiongeza vipi. Aliyetaka nguvu zaidi alikuwa na njia moja tu, kuongeza uzito wa risasi. Ndiyo maana bunduki zilipimwa kwa ratili: namba ya bunduki ilitaja ni goroli ngapi za kuenea mtutu wake zingepatikana kwenye ratili moja ya risasi. Bunduki ya namba 12 ilikuwa na goroli 12 kwa ratili. Ya namba 4 ilikuwa na goroli nne, kila moja karibu gramu 113.

Mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19, na tembo wake wa kwanza aliwapiga kwa magobore ya namba 4. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuyatumia, kwa sababu teke lake lilimharibia utulivu wa kulenga. Ndiye Selous huyo aliyeuawa Beho Beho, bonde la Rufiji, Januari 1917 katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Pori la Akiba la Selous lilipewa jina lake, na kaburi lake sasa liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mabadiliko yaliletwa na baruti isiyo na moshi. Mwaka 1889 Waingereza walipata kodaiti, baruti yenye umbo la nyuzi kama tambi, yenye nguvu nyingi kuliko ile nyeusi. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ikatoa risasi iliyoitwa .450 Nitro Express. Kichwa chake kilikuwa na gramu 31 tu, kikiruka karibu mita 655 kwa sekunde, na kilivikwa gamba gumu la chuma. Kitu chepesi mara tatu na zaidi kuliko goroli ya namba 4 kikaanza kupita mifupa ambayo goroli ile ilikuwa ikikwama.

Tarakimu zinasemaje

Namba zinazoanza na nukta ni upana wa risasi kwa inchi. Risasi ya .375 ina upana wa milimita 9.5, ya .416 ina 10.6, ya .458 ina 11.6. Nyingine hazilingani sawasawa na jina lake, lakini zinakaribia. Hizi ndizo zinazotajwa zaidi, kwa vipimo vya kawaida vya uzito wa kichwa, kasi kwa sekunde, na nishati inapotoka mtutuni:

- .375 Holland & Holland (1912): gramu 19, mita 770, jouli 5,800
- .416 Rigby (1911): gramu 26.5, mita 720, jouli 6,900
- .458 Winchester Magnum (1956): gramu 32, mita 640, jouli 6,600
- .470 Nitro Express (mwanzoni mwa karne ya 20): gramu 32, mita 655, jouli 6,950
- .460 Weatherby Magnum (miaka ya 1950): gramu 32, mita 790, jouli 10,100
- .600 Nitro Express (mwanzoni mwa karne ya 20): gramu 58, mita 595, jouli 10,200

Ili upate picha, risasi ya AK-47 ina gramu 8 na nishati ya takriban jouli 2,000.

Sasa tazama mbili za mwisho kwenye orodha. Jouli zao zinakaribia kulingana, ingawa moja ina kichwa kizito karibu mara mbili ya mwenzake. Hii ni kwa sababu hesabu ya nishati huizidisha kasi kwa kasi yenyewe. Ongeza kasi kidogo, na jouli zinapaa. Mtu akisoma jouli peke yake atadhani silaha hizi mbili ni sawa. Tembo hafi kwa jouli. Ubongo wake umekaa nyuma ya fuvu nene lenye mifupa iliyojaa matundu kama sega la nyuki, na risasi inayohitajika ni ile itakayopita hapo ikiwa imenyooka bila kuvunjika. Ndiyo sababu kwa tembo hutumika risasi ngumu isiyotanuka, wakati kwa simba hutumika laini inayofunguka mwilini kama ua.

Mtu wa Karamoja

Ushahidi mkubwa kwamba jouli si kila kitu ni Mskoti W.D.M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya miaka yake Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya meno yao, na wengi wao aliwaua kwa risasi ya milimita 7 yenye kichwa cha gramu 11. Hiyo ni risasi ambayo wenzangu hapa Minnesota wanaiona ya kawaida kwa kulungu. Bell aliyasoma mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kwa kila upande atakaosimama, kisha akaipeleka risasi ndefu, nyembamba na ngumu mahali hapo.

Nikiandika habari hii sisifu mauaji. Tembo 1,000 kwa mtu mmoja ni msiba, na pembe hizo zilijenga utajiri wa mbali. Lakini kiufundi Bell ametufundisha kwamba mahali na kupenya vinatangulia ukubwa.

Basi kwa nini watu hawakuishia kwenye milimita 7? Kwa sababu Bell alichagua tembo waliotulia, mara nyingi kwenye nyasi alikoweza kuona. Nyati aliyejeruhiwa na kujificha kwenye kichaka ni habari nyingine. Anatoka akiwa hatua 15 kutoka kwako, kichwa juu, na una nafasi ya risasi moja, pengine mbili. Ukikosa ubongo kwa upana wa vidole viwili, risasi nyembamba inapita, naye anaendelea kuja. Risasi nene na nzito humtikisa, humwangusha au kumgeuza, nawe unapata muda wa kupiga tena. Risasi kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya dakika ile mambo yameharibika.

Jua la kwetu ndani ya ganda

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hali ya hewa yetu imeandikwa kwenye umbo la risasi hizi. Kodaiti huchacharika kwenye joto. Risasi iliyolala juani inatoa shinikizo kubwa kuliko iliyopimwa London wakati wa baridi, na ganda linalobeba baruti linaweza kuvimba na kunasa kwenye chemba. Fikiria ganda limenasa na nyati yuko mbele yako. Ndiyo maana .416 Rigby ina ganda kubwa kupita mahitaji yake: nafasi ya ziada hushusha shinikizo, na ganda linatoka bila taabu.

Risasi ya .458 Winchester ilipita njia tofauti. Wamarekani walitaka ganda fupi litakaloingia kwenye bunduki ya kawaida ya bei nafuu, nao wakafanikiwa kuisambaza Afrika nzima. Lakini baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda hilo, na katika baadhi ya risasi za zamani ilikuja kugandamana, ikaungua vibaya na kichwa kikaenda kwa kasi pungufu. Mwaka 1959 mwindaji Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji. Baadaye, akitaka nguvu zaidi, akabuni ganda refu zaidi kwa kichwa kilekile, na mwaka 1971 ikajulikana kama .458 Lott.

Mitutu miwili au kukoki kwa mkono

Bunduki zenyewe zimegawanyika makundi mawili. Ya kwanza ni ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kila mtutu na kifyatulio chake. Sifa yake ni risasi ya pili: huhitaji kukoki chochote, unahamisha kidole tu. Mtutu mmoja ukigoma, wa pili upo. Ila fundi lazima aisawazishe kwa mkono, akipiga na kurekebisha mpaka mitutu yote ielekee pamoja kwa aina moja ya risasi. Kazi hiyo ndiyo inayoifanya bei ifikie makumi ya maelfu ya dola.

Ya pili ni ya kukoki kwa mkono, yenye asili ya Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898. Ina ulimi mpana wa chuma unaokamata kitako cha ganda tangu linapotoka kwenye magazini, hivyo risasi haidondoki hata ukikoki ukiwa umeinama au unakimbia. Inabeba risasi tatu hadi tano, ni rahisi kutunza, na bei yake ni nafuu.

Mizani ya mwisho ni bega lako. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya bunduki ya kawaida ya kulungu, la .458 karibu mara tatu, na la .460 Weatherby karibu mara tano. Mtu akianza kufumba macho kabla ya kufyatua, jouli zote hizo anazipeleka kwenye mchanga. Tanzania, kwa wanyama wakubwa hatari kama tembo na nyati, imeweka .375 kuwa kima cha chini. Inatosha, inapenya, na watu wengi wanaimudu.

Jibu langu

Kabla ya kujibu, neno moja: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania inaendelea na vitalu vyake, na ubishi juu ya uwindaji una uzito pande zote. Ninachokijua ni kwamba silaha hizi zimetuumiza pia. Bunduki za .458 zimeonekana mara nyingi kwenye kesi za ujangili Tanzania, na kati ya 2009 na 2014 nchi yetu ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake. Chuma kilekile kinaweza kulinda shamba la mjane au kumaliza ukoo mzima wa tembo.

Bunduki ya babu yangu ilikuwa .404 Jeffery, iliyotoka miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na kugawiwa askari wa wanyamapori wa Tanganyika. Nilipoitafuta kwenye majedwali nilishtuka. Risasi yake ya zamani ilikuwa na gramu 26, mita 650 kwa sekunde, jouli 5,400 hivi. Kwa jouli, iko chini ya zote nilizoorodhesha hapo juu.

Kwa bunduki hiyo alikuwa akimfuata tembo alfajiri, akitikisa mfuko wa majivu kuona upepo unaelekea wapi, mpaka abaki na hatua 20. Risasi alipewa kwa hesabu. Kama upepo uligeuka au tembo alisimama vibaya, alirudi nyumbani bila kufyatua, na kesho yake alianza upya. Mwaka huu wakiniuliza tena bunduki ipi ndiyo kali, nitawasimulia hizo asubuhi alizorudi na risasi zake zote mfukoni.