Maji Yafike Ghorofa ya Juu: Matunzo ya Pampu za Msukumo katika Majengo ya Tiba

Katika bonde la Kilombero maji hayatafutwi mbali. Masika yakikolea, mto Kilombero hufurika na kutandaa mashambani, mto Lumemo hutishia makazi ya Ifakara, na kuanzia Michenga hadi katikati ya mji visima hujaa. Hata hivyo, mkunga aliye katika wodi ya ghorofani anaweza kufungua bomba na kusikia hewa tu ikipuliza, ilhali tangi lililo uani limejaa pomoni. Maji yapo, lakini hayana msukumo wa kuyapandisha. Mkunga huyo hawezi kunawa mikono vizuri kabla ya kumpokea mtoto, na hilo ni tatizo la tiba kabla halijawa tatizo la mabomba.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Ili maji yapande mita 10, huhitaji msukumo wa takriban bari 1, kipimo kinachosomwa kwenye geji nyingi za pampu. Tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 6 hutoa bari 0.6 tu kwenye bomba lililo usawa wa ardhi. Bomba la ghorofa ya pili, ambalo huwa karibu mita 7 kutoka chini, halitapata kitu. Vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa vinaweza kutega vijito vya mlimani, maji yakateremka yenyewe. Mji uliojengwa uwandani, kama Ifakara, hauna neema hiyo. Hata kuwa karibu na ziwa hakutoshi: Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama kilimani juu ya Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hayawezi kufika wodini bila kusukumwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalitoa taarifa kwamba kituo kimoja cha afya kati ya vinne duniani hakikuwa na huduma ya msingi ya maji. Kipimo kilichotumika kiliuliza kama maji ya chanzo kilichoboreshwa yanapatikana ndani ya eneo la kituo. Hakikuuliza kama maji hayo hufika ghorofa ya pili saa nane za usiku. Swali hilo la pili ni la kila kituo kujijibu chenyewe.

Mahitaji yenyewe si madogo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinataja lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Wodi yenye wagonjwa 30 huhitaji basi lita 1,200 hadi 1,800 kila siku. Pampu ikinyamaza, kiasi hicho ni sawa na ndoo 60 hadi 90 za lita 20 zinazopandishwa ngazini kwa mikono. Hakuna wodi inayoweza kufanya hivyo kwa wiki nzima. Kinachotokea ni kwamba maji hubanwa, na mahali pa kwanza yanapobanwa ni kwenye kunawa mikono na kusafisha vyoo.

Mtambo unavyofanya kazi

Mfumo uliopangwa vizuri huanza na tangi la chini. Pampu huvuta maji kutoka humo na kuyasukuma kupitia vavu inayozuia maji kurudi nyuma, kisha kuelekea wodini. Kando ya pampu huwapo tangi dogo la presha, lenye mpira ndani yake: upande mmoja wa mpira una maji, upande wa pili una hewa iliyobanwa. Hewa hiyo husukuma maji bomba linapofunguliwa, ili pampu isilazimike kuwaka kwa kila kikombe kinachotekwa. Swichi ya presha huiwasha pampu msukumo unaposhuka, tuseme hadi bari 2, na kuizima unapofika bari 3. Ndani ya tangi la chini huelea boya linaloizima pampu maji yanapokaribia kwisha.

Tangi la chini halipaswi kurukwa. Baadhi ya majengo huunganisha pampu moja kwa moja na bomba la mtaani ili kuvuta maji kwa nguvu. Kufanya hivyo huweza kuleta mnyonyo ndani ya bomba la nje, na pale lilipopasuka au kulegea, maji machafu yaliyolizunguka hufyonzwa ndani. Katika mji ambamo msimu wa mafuriko huchanganya maji ya mvua na ya mashimo ya vyoo, mnyonyo huo unaweza kuingiza vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara katika maji ya wagonjwa na ya majirani pia.

Dalili ambazo wodi huziona kwanza

Fundi huja mara chache, lakini muuguzi yupo wodini mchana na usiku. Kwa hiyo dalili nyingi za ubovu humfikia yeye kwanza, naye anafaa kuzijua.

Pampu inayowaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, taa zikififia kila inapowaka, kwa kawaida ina tangi la presha lililopoteza hewa au lililopasuka mpira. Kila kuwaka hupasha mota joto, na mota inayowashwa mamia ya mara kwa siku huungua mapema. Fundi hupima hewa hiyo baada ya kuzima umeme na kumwaga maji yote ya tangi dogo. Inapaswa kuwa chini kidogo ya kiwango cha kuwasha pampu: pampu ikiwaka kwenye bari 2, hewa iwe takriban bari 1.8. Kupima bila kumwaga maji hutoa jibu la uongo.

Pampu inayowaka usiku wa manane, wakati hakuna anayetumia maji, inaonyesha kwamba maji yanapotea: tangi la choo linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au vavu iliyoshindwa kuzuia maji kurudi. Pampu inayonguruma bila kutoa maji huenda imevuta hewa, au inazunguka kavu. Sili ya pampu hupozwa na maji yanayopita, hivyo ikizungushwa kavu huweza kuharibika kwa dakika chache. Mlio wa kusaga huashiria beringi zilizochakaa. Mlio kama wa changarawe ndani ya pampu huashiria kwamba maji hayaiingii ya kutosha, mara nyingi kwa sababu kichungi kimeziba.

Umeme nao una sehemu yake. Nguvu ya umeme inaposhuka, mota hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi na hupata joto. Katika mota za fezi tatu, kukosekana kwa fezi moja huweza kuiunguza mota inayoendelea kufanya kazi. Kifaa cha kinga kinachokata umeme katika hali hizo ni nafuu kuliko mota mpya. Kituo chenye jenereta kihakikishe pia kwamba pampu imo miongoni mwa mitambo inayolishwa nayo, kwani taa bila maji hazitoshi katika chumba cha uzazi. Na kwa kuwa bonde hufurika, pampu ijengewe msingi ulioinuka juu ya kimo cha maji ya masika, wala isiwekwe shimoni.

Maji yaliyolala bombani

Kurudi kwa pampu iliyoharibika huleta furaha wodini, lakini huleta pia hatari isiyoonekana. Maji yaliyosimama bombani kwa siku kadhaa hupoteza klorini yake, na utando wa vijidudu hujijenga kwenye kuta za bomba. Msukumo unaporejea kwa ghafla, utando huo hubanduka na kutoka na maji ya kwanza.

Mwaka 1976, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, watu 34 walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliozuka baada ya mkutano wa askari wastaafu uliofanyika hotelini. Bakteria aliyesababisha alitambuliwa mwaka uliofuata na kupewa jina la Legionella. Hustawi katika maji vuguvugu, hasa ya nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, na humwingia mtu anapovuta hewa yenye matone madogo ya maji hayo. Katika joto la Kilombero, tangi la plastiki lililo juani halihitaji moto ili kufikia nyuzi hizo. Bakteria mwingine, Pseudomonas, hujificha kwenye midomo ya mabomba na sinki, na ni hatari kwa watoto njiti, wenye vidonda vya moto na wote ambao kinga yao imedhoofika.

Kwa sababu hiyo, baada ya matengenezo mabomba yote ya wodi yafunguliwe taratibu na kuachwa yatiririke kwa dakika kadhaa kabla maji hayajatumika kwa mgonjwa. Bomba lisilotumika lifunguliwe hivyo kila wiki. Klorini ipimwe kwenye bomba la mbali zaidi, si tangini tu: isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Ratiba na daftari

Watu wa Ifakara wanakijua chandarua, kwani utafiti mwingi wa malaria umefanyika mjini humo tangu maabara ya Uswisi ilipofunguliwa mwaka 1957. Wanajua pia kwamba chandarua kilichotoboka na kuachwa hakimkingi mtoto, hata kama takwimu za kaya zinasema kipo. Pampu ni vivyo hivyo.

Kila siku msukumo usomwe kwenye geji na kuandikwa, pamoja na kiwango cha maji katika tangi. Kila wiki, penye pampu mbili, zamu ibadilishwe. Pampu ya akiba inayokaa miezi bila kuzungushwa huganda sili yake, na maji huozea ndani, hivyo siku inapohitajika haiwaki. Kila mwezi kichungi kisafishwe, na boya lijaribiwe kuona kama kweli linaizima pampu. Mahali ambapo maji ya kisima yana chuma na huacha madoa mekundu, kijitundu chembamba cha swichi ya presha nacho kikaguliwe, maana huziba. Kila miezi mitatu hewa ya tangi la presha ipimwe.

Kila miezi sita matangi yamwagwe, yasuguliwe na kutiwa dawa. Kwa tangi la lita 1,000, takriban gramu 75 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 hutoa miligramu 50 kwa lita. Maji hayo yaachwe kwa saa 24, kisha yamwagwe yote na tangi lisuuzwe. Mabomba ya wodi yawekewe tangazo ili mtu asije akayanywa.

Sili, beringi na swichi ya presha ziwekwe stoo kabla hazijahitajika. Dar es Salaam iko takriban kilomita 400, na barabara za masika hazina ahadi. Fundi asiguse mtambo kabla ya kukata umeme na kuhakikisha kwamba hakuna atakayeuwasha tena.

Mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa hapaswi kuona haya kumwambia muuguzi kwamba bomba halitoi maji, wala kumwomba anawe mikono kabla ya kumhudumia. Ndugu wanaouguza wafunge mabomba vizuri, hata wakati maji yamekatika, kwa kuwa bomba lililoachwa wazi humwaga tangi zima msukumo unaporudi. Maji yaliyotoka na rangi au harufu baada ya katizo yasinywewe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

Kwa uongozi wa kituo, hatua ya kuanzia haina gharama kubwa: jina na simu ya fundi wa zamu vibandikwe katika kila wodi, na neno “maji” liongezwe katika taarifa ambayo muuguzi anayetoka humwachia anayeingia. Hapo, upungufu wa msukumo ulioonwa jioni utakuwa umeandikwa na kushughulikiwa kabla mama wa kwanza hajafika kujifungua usiku.